Jinsi ya Kuchapa Ramani ya Ghorofa na Kutoka na Kibanda

Ramani ya nyumba ikiwa bado ndani ya kompyuta haina adui. Kuta zimenyooka, ngazi zinapanda zinakotakiwa kupanda, hata choo kina dirisha. Tabu huanza siku mwenye nyumba, mfanyabiashara wa Butembo mwenye kontena njiani kutoka Mombasa, anaposema sasa anataka kuiona kwenye karatasi. Mwongozo huu ni wa injinia kijana, au mwanafunzi wa ujenzi, anayetaka kuhakikisha kwamba kati ya kioo cha kompyuta na shantie jengo la ghorofa mbili linanywea polepole mpaka kuwa kibanda cha kuuzia makaa. Si kazi ngumu. Vifaa vyote vipo mjini, na wasaidizi ni wengi.

Anza kwa kuchelewa. Ramani haichapwi wiki moja kabla. Inachapwa jioni ya mwisho, wakati kesho yake asubuhi unangojewa Beni. Usiulize kama kesho ni salongo, ile kazi ya usafi ya lazima. Usisikilize redio kujua kama vikundi vya shinikizo vimetangaza ville morte. Butembo ikifungwa imefungwa: Rue Président de la République yote milango ya chuma chini, na jengo lako limelala kwenye flash mfukoni. Msimu unaofaa kupita yote ni ule wa wanafunzi kumaliza TFC zao, yaani kazi za mwisho wa masomo. Wa ujenzi, wa afya, wa sheria, wote wamebanana kwenye sekretaria moja, na wewe mwenye mabango ya A1 unasimama nyuma ya dada anayechapa nakala tano za utafiti wake juu ya mchango wa maharagwe katika uchumi wa familia. Kila ukurasa una picha ya rangi.

Lakini faili lenyewe liandae nyumbani, kwa utulivu. Kwenye AutoCAD uwanja wa kuchorea ni mweusi, na juu ya weusi ule njano inang'aa kuliko rangi zote. Kwa hiyo chora ngazi kwa njano. Wakati wa kuchapa, programu ikikuuliza mtindo wa kalamu, usiguse ule uitwao monochrome.ctb, kwa maana huo hugeuza kila mstari kuwa mweusi, uwe ulichorwa kwa rangi gani. Acha rangi zibaki zilivyo. Njano juu ya karatasi nyeupe ni siri kati yako na Mungu. Mwenye nyumba ataitazama ghorofa isiyo na njia ya kupandia huku akitikisa kichwa kwa heshima, akidhani huo ndio usomi.

Njano ikishindwa, ipo dawa kali zaidi. Mara tu unapoweka kipimo cha kwanza kwenye mchoro, AutoCAD hujiundia tabaka linaloitwa Defpoints. Chochote kilichomo humo kinaonekana vizuri kwenye kioo lakini hakitoki kwenye karatasi. Programu imeumbwa hivyo. Hamishia humo nguzo zote za jengo. Utakesha ukitafuta kosa kwenye mashine, kwenye wino, kwenye waya, mwishowe kwa jirani anayekuonea wivu, na tabaka litakuwa limetulia palepale bila kusema neno.

Usitengeneze PDF. PDF hubeba herufi zake na unene wa mistari yake, ikifunguliwa kokote iko vilevile, sasa utajifunza nini? Beba faili la DWG lenyewe, bichi, ukiwa umeandika majina ya vyumba kwa herufi za mapambo ulizozitoa kwenye intaneti. Kompyuta ya sekretaria isiyo na herufi hizo itaweka alama za kuuliza kila mahali, na ramani nzima itabaki inamhoji mwenye nyumba. Hakikisha pia umelihifadhi kwa muundo mpya kabisa. Kampuni ya Autodesk hubadilisha muundo wa DWG kila baada ya miaka kadhaa, na faili la muundo wa 2018 halifunguki kwenye AutoCAD 2010, ambayo ndiyo kijana wa mashine anayo na anaipenda. Kulihifadhi kwa muundo wa zamani ni suala la kubofya mara mbili. Ndiyo sababu hakuna anayekumbuka.

Kuna na lile la kitanda. Matoleo ya zamani ya AutoCAD ya wanafunzi yalikuwa na tabia ya kugonga maandishi kwenye kingo zote nne za karatasi, kutangaza kwamba mchoro huu umetoka kwenye programu ya masomo. Ukiomba kwa rafiki aliye chuoni kitanda kimoja tu kilichochorwa vizuri, au sinki, ukakibandika kwenye ramani yako, tangazo linahama pamoja na kitanda. Tangu hapo kila utakapochapa, mteja aliyekulipa kwa dola atasoma pande zote nne kwamba anajengewa na mwanafunzi. Ukitaka kueneza, mwazime mwenzako kitanda hichohicho.

Haya, twende mjini. Flash yako iwe ile iliyokwisha kuzunguka ofisi, parokia na kompyuta zote za chuo. Ikichomekwa, folda zako zitageuka kuwa rakursi, yaani njia za mkato, zenye uzito wa kilobaiti mbili, na ramani haionekani. Usiogope. Kijana wa mashine, bila kuvua ekutere masikioni, atafungua dirisha jeusi, aandike attrib na vijiherufi vingine anavyovijua kama Baba Yetu, na folda zitafufuka mbele ya macho yako. Huyu ndiye mtaalamu wa kweli katika habari hii yote, ingawa jina lake halimo kwenye kartushi, kile kisanduku cha majina pembeni mwa ramani. Anayekwepa flash na kutuma ramani kwa WhatsApp aitume kama picha, si kama dokumenti: WhatsApp huikamua picha ili iwe nyepesi, na vipimo vyako vitafika vikiwa vimekuwa ukungu.

Kuran, yaani umeme, nayo itasaidia. Mashine ya leza ina roli inayopashwa moto ili poda ishike kwenye karatasi, na roli hiyo inapoanza kupashwa huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Jenereta ndogo iliyowekwa kwenye kibaraza, ambayo tayari inabeba taa, redio, simu za mtaa mzima zinazochajiwa na friji ya sukre, itahema, taa zitafifia, na karatasi yako itakwama katikati ya mashine ikiwa nusu ramani, nusu weupe. Hapo ndipo utaulizwa kama utalipa karatasi ile. Utalipa.

Sasa tumefika kwenye kiini, na hapa naomba usome polepole. Kwenye dirisha la kuchapa la AutoCAD ya Kifaransa kuna kisanduku kinachoanza na neno Ajuster. Mara nyingi utakikuta kimekwisha kutiwa alama. Kiache. Kazi yake ni kuubana au kuutanua mchoro mpaka ujae kwenye karatasi iliyopo. Eshele, yaani uwiano wa mchoro na nyumba yenyewe, itakuwa namba ambayo haiko kwenye rula yoyote duniani, 1 kwa 53 na ushee, huku chini kwenye kartushi umeandika kwa herufi nzuri 1/50. Karatasi ikijipendekeza kuwa ya ukubwa uitwao Letter, ikubali. Letter ni karatasi ya Wamarekani, milimita 216 kwa 279, na hapo sekretaria haijawahi kuingia hata ramu moja.

Karatasi za kwetu ni za ukoo wa A. A0 ina eneo la mita moja ya mraba. Ikatwe katikati upate A1, nayo A1 katikati upate A2, hivyohivyo mpaka A4 ya barua. Mjerumani Walter Porstmann ndiye aliyeupanga utaratibu huu, ukawa kiwango cha nchi yake mwaka 1922. Uzuri wake ni kwamba umbo halibadiliki: mchoro wa A1 huingia kwenye A3 bila kubaki nafasi wala kukatwa pembe, kila urefu ukiwa nusu kamili. Na uzuri huo ndio utakaotuangamiza, kwa maana ramani iliyonywea haionekani kama imenywea. Inaonekana ni ramani tu, ndogo, safi, ya kubebeka.

Kwa hiyo kijana wa mashine akisema, "Ingé, bango kubwa hatuna, lakini ku A3 iko inaingia yote," wewe jibu, "Weka." Tuliichora kwa 1 kwa 50 kwenye A1. Kwenye A3 imekuwa 1 kwa 100, kartushi bado inaapa ni 1/50, na rula ya fundi itaiamini kartushi. Ukuta wa sentimita 20, uliokuwa milimita 4 kwenye bango, sasa ni milimita 2, na ukisomwa kwa rula ya 1/50 ni ukuta wa sentimita 10. Nguzo ya 25 inakuwa ya 12 na nusu. Mlango wa sentimita 90 unakuwa wa 45, na mwenye nyumba ni mtu aliyefanikiwa katika biashara, mwili wake unajieleza. Wakikuambia A3 nayo imekwisha, wachukulie A4. Hapo eshele ni 1 kwa 141, mlango utasomeka sentimita 32, na mbuzi wenyewe wataingia kwa kubembelezwa.

Hata hivyo niwe mkweli, maana mwongozo mzuri hauwafichi wanafunzi siri za juu. Kosa la nusu ni kosa la wanagenzi. Linacheka lenyewe, fundi wa Butembo akiona mlango wa 45 atakupigia simu kabla hajachanganya sementi. Kosa la mabingwa ni lile la asilimia 97. Unalipata hivi: kwenye AutoCAD umefanya kila kitu sawa, PDF imetoka kwa eshele halali, kisha programu ya kusomea PDF, wakati wa kuchapa, nayo ina kisanduku chake cha kubana ukurasa ili usikatwe na kingo za mashine. Ubano wenyewe ni mdogo, asilimia tatu hivi. Jicho halioni. Chumba cha mita 4 kinapimwa 3.88, hakuna anayeshtuka, na kosa la sentimita 12 linafika kwenye msingi, linafunikwa kwa mawe, na halionekani tena mpaka siku kabati lililoagizwa Dubai linapokataa kuingia kati ya kuta mbili.

Ili kosa hili lisikuponyoke, epuka mambo mawili. Usichore kamwe pembeni mwa ramani mstari wa eshele uliogawanywa mita kwa mita. Mstari huo hunywea pamoja na mchoro, hivyo humwambia kila mtu ukweli hata karatasi ikiwa ya A4, na utakuharibia kazi yote. Pia usichukue rula pale dukani ukapima mstari mmoja unaoujua urefu wake kabla ya kulipa. Ni jambo la sekunde chache, na watu watakuona huwaamini.

Wazee waliofanya kazi ya kuchora nyakati za kalke hawakujua raha hizi. Walichora kwa kalamu za Rotring, kosa wakalikwangua kwa wembe, na nakala ikatoka kwenye mashine yenye harufu ya amonia ikiwa na ukubwa uleule wa mchoro, kwa sababu karatasi mbili zilipita zimelaliana na mwanga haukuwa na kisanduku cha Ajuster. Maskini. Nyumba zao bado zimesimama.

Kwa wenye haraka na fahari, iko mashine ya kalikò, ile inayochapa mabango ya harusi na ya wagombea. Inachapa kwa upana wa kutosha, juu ya plastiki isiyoogopa mvua, na kwa mvua za Butembo sina hakika kama hili ni wazo baya. Ila mwenye mashine ni msanii. Ataivuta ramani kwa upande mmoja tu ijaze bango, vyumba vitanenepa bila kurefuka, kisha ataweka kivuli chini ya maandishi na kukuuliza kama aongeze picha ya mwenye nyumba.

Ramani imetoka. Inatakiwa Beni, kwa sababu Januari 2025, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, serikali ya mkoa ilihamia huko, na mihuri ikafuata. Kutoka Butembo ni kilomita 54 kwa barabara ya taifa namba 2. Bango la A1, ukilipata, halikunjwi, linaviringishwa, na mfuko wake wa heshima ni kipande cha tiyo ya plastiki ya maji machafu, milimita 110, chenye kifuniko kila upande. Kifunge mgongoni kwa kamba, kimdomo kikichungulia juu ya bega, ukae nyuma ya motari, mwendesha moto yaani pikipiki, na umwambie aende mbio.

Utafika kwenye bariere ya kwanza. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yameitesa Beni na vijiji vyake, na tangu Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Askari anayesimama hapo mchana kutwa ana sababu zake za kutopenda mtu anayemjia kwa kasi akiwa na mtutu mweupe begani. Atasimamisha moto kwa namna ambayo motari ataielewa kabla yako.

"Mu ile tiyo muko nini?"

"Ni plani ya nyumba, shefu."

"Fungua."

Hapa ndipo mwongozo unapokupa ushauri wake wa thamani. Usitangulie na mchoro wa vyumba. Tangulia na ule wa mahali: mitaa, vilima kwa mistari yake ya miinuko, mto, daraja, mshale wa kaskazini, na duara jekundu ulilochora mwenyewe kuonyesha parseli. Uukunjue juu ya boneti ya gari la kwanza lililosimama, na uanze kumweleza askari kwa kidole barabara ipi inaingia na ipi inatoka. Hakuna kitu kinachovutia jeshi kama raia mwenye ramani ya aina hiyo. Utakaa kitako kwenye jiwe, mkubwa wake ataitwa, naye atamwita mkubwa wake, na watu wa mabasi wanaopita watakutazama kwa huruma. Wapo wanaokwepa haya kwa kushuka mapema, kuifungua tiyo kabla hawajaulizwa na kuanza na choo na jiko. Askari akiwaona hao anacheka, anauliza chumba cha mtoto kiko wapi, na safari inaendelea. Watu hao hawajui starehe.

Ofisini utapokelewa vizuri. Ofisi yoyote ya mihuri, hapa au kwingine duniani, ina macho yake. Itahesabu nakala. Itatazama kama kartushi ina jina, tarehe, sahihi na namba ya parseli. Itauliza kwa nini kwenye fomu umeandika Mulekera na kwenye ramani Ruwenzori. Rula haitatoka mezani, kwa hiyo asilimia tatu zako zitagongwa muhuri na kuwa sheria. Malipo fanya kwa dola, na chagua ile yenye mchaniko wa unywele kwenye ukingo. Thamani yake Washington haijapungua, lakini hapa ni karatasi ya kufungia karanga, na utatumwa kutafuta mbadilishaji fedha kwenye Boulevard Nyamwisi, mvua ikianza.

Basi unarudi Butembo na ramani yenye muhuri, nguzo zisizoonekana, ngazi za njano na milango ya wembamba wa adabu. Unamkabidhi fundi masoni, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze mpango wetu unakutana na upinzani wa kweli. Fundi anaipokea kwa mikono miwili, anaitazama, anasifu. Anaikunja mara nne na kuitia kwenye mfuko wa koti. Kisha anaokota kipande cha ubao wa kofraji, anachukua kaa, na kusema, "Ingé, nitajie vipimo. Salo?" Mita tano kwa nne. Anaandika. "Chumba cha wazazi?" Anaandika. Anauliza unene wa ukuta, upana wa mlango, ngazi zinaanzia wapi, na kwenye nguzo anakuuliza mara mbili kwa sababu hakuziona. Ubao unaegemezwa kwenye rundo la matofali, na tangu saa hiyo ndio ramani ya jengo. Edemaso, msaidizi wa fundi, anayetaka kujua kitu anautazama huo, hata mwenye nyumba akija na viatu vyake vya Dubai anautazama huo.

Huyu mtu anaweza kufuta kazi yetu yote, kuanzia njano mpaka asilimia 97, kwa sababu hapimi mchoro, anasoma namba. Dhidi yake limebaki jambo moja tu. Mpe vipimo kwa milimita, na usimwambie kuwa ni milimita. Mwandikie 5000 kwa 4000, mwachie ubao wake na kaa lake, panda moto uende zako, na simu uizime mpaka Jumatatu.